ALIKUFA KWA AJILI YA NANI? SWALI LILILOIPASUA UHOLANZI

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Darsa ya leo ni ndefu, kwa hiyo tafuta pa kukaa. Tunaangalia historia ya swali moja ambalo Wakristo wenyewe wameliandikia vitabu, wamegombana kwalo, na kuna wakati watu walifukuzwa nchini kwao kwa sababu yake. Swali lenyewe ni hili: ikiwa Yesu alikufa msalabani kulipia dhambi, kama wanavyoamini, alilipia dhambi za nani? Za kila mwanadamu aliyepata kuzaliwa? Au za watu maalumu tu, waliochaguliwa na Mungu tangu azali?

Msimamo wetu Waislamu kuhusu msalaba unaujua, siurudii hapa. Ninachotaka ni kitu kingine. Vijana wetu wengi, kwenye mihadhara na hata kwenye mazungumzo ya kawaida na majirani, huanza hoja kwa kusema: "Nyinyi Wakristo mnaamini Yesu aliwafia watu wote." Mwambie hivyo Mmethodisti au Mlutheri, atakubali. Mwambie mchungaji anayefuata mafundisho ya Calvin, huenda akakujibu: "Mimi siamini hivyo hata kidogo." Hapo hoja yako imekufa kabla hujaketi. Na zaidi ya aibu ya kushindwa, umemsingizia mtu itikadi asiyoishika. Suratul Maida, aya ya 8, imetufunga tuwe waadilifu hata kwa wale tusioelewana nao. Basi tuijue kauli yao kama wanavyoisema wenyewe.

Hebu tuanze na duka. Mtu ana deni dukani. Ndugu yake anakuja, analipa lote, daftari linafutwa. Wiki ijayo mwenye duka anamfuata yule mdaiwa na kumdai tena deni lile lile. Utamwita nani huyo? Dhalimu. Sasa wanateolojia wa mkondo wa Calvin walisema: ikiwa kifo kile kililipa kweli dhambi za mtu fulani, Mungu mwadilifu hawezi kumtia mtu huyo motoni kwa dhambi zilizokwisha lipwa. Na kwa kuwa Wakristo karibu wote wanakubali kwamba wapo watakaoingia motoni, basi hao hawakuwa kwenye malipo yale. Alilipia wateule. Hii ndiyo inayoitwa kafara yenye mipaka, au upatanisho wenye mipaka. Wenye itikadi hiyo wengi hawalipendi jina hilo, wanapendelea kusema "ukombozi maalumu", kwa sababu wao hawasemi kwamba nguvu ya kafara ina mpaka. Wanasema kusudio lake ndilo lina mpaka. Shika tofauti hiyo, maana ukiikosa utakuwa unapigana na kivuli.

Upande wa pili ukajibu: hapana, malipo yalifanywa kwa ajili ya wote, lakini malipo hayamfai mtu mpaka ayapokee kwa imani. Asiyepokea amejinyima mwenyewe. Wakakamata Yohana 3:16 na Waraka wa Kwanza wa Yohana 2:2, penye habari ya ulimwengu wote. Wa upande wa kwanza nao wakakamata Yohana 10, penye mchungaji anayetoa uhai kwa ajili ya kondoo wake, na Waefeso 5, penye Kristo kulitoa nafsi yake kwa ajili ya kanisa. Neno "ulimwengu", wakasema, maana yake ni watu wa kila taifa, wala si kila mtu mmoja mmoja. Ukiwasikiliza wote wawili bila haraka utaona kila mmoja ana aya zake na kila mmoja ana aya zinazomsumbua.

Ugomvi huu una mizizi mirefu. Augustino, askofu wa Hippo, mji ambao leo ni Annaba nchini Algeria, aliyefariki mwaka 430, ndiye aliyeweka msingi wa fundisho la wateule katika Kanisa la Magharibi. Katika karne ya 9 akatokea mtawa wa Kisaksoni aitwaye Gottschalk, akalisukuma fundisho hilo mpaka mwisho wake: Kristo hakumfia kila mtu. Mwaka 848 akahukumiwa Mainz, mwaka 849 akahukumiwa tena Quierzy, huko Ufaransa ya leo. Wakamchapa viboko, wakamlazimisha kuyatupa maandishi yake motoni, wakamfungia katika nyumba ya watawa ya Hautvillers hadi alipokufa, karibu mwaka 868.

Usicheke, ndugu yangu. Miaka kama 15 tu kabla ya viboko vya Gottschalk, Imam Ahmad bin Hanbal, Allah amrehemu, alichapwa viboko Baghdad kwa sababu hakukubali kusema Qur'ani imeumbwa. Waliomchapa walikuwa Waislamu, kwa amri ya khalifa wa Waislamu. Ukisoma historia ya wengine, soma na yako.

Sasa tufike Uholanzi, maana huko ndiko swali letu lilipotoka madarasani likaingia barabarani.

Jacobus Arminius alizaliwa katika mji mdogo wa Oudewater. Baba yake alifariki yeye akiwa mdogo. Mwaka 1575, akiwa mbali na nyumbani, majeshi ya Hispania yaliingia Oudewater na kuchinja watu, na jamaa zake wakaangamia humo. Kijana akasoma Leiden, kisha Geneva kwa Theodore Beza, mrithi wa Calvin, halafu akawa mchungaji Amsterdam. Mwaka 1603 akapewa uprofesa Leiden. Huko alikutana na profesa mwenzake, Franciscus Gomarus, mtu mkali wa msimamo, na wawili hao wakavutana juu ya kadari na uteule mpaka wanafunzi wakagawanyika. Arminius alifariki mwaka 1609. Hakuuona moto aliouwasha.

Mwaka 1610 wafuasi wake wapata wachungaji 40 na kitu, wakiongozwa na Johannes Wtenbogaert, waliandika waraka wenye vifungu vitano na kuuwasilisha kwa serikali. Waraka huo uliitwa Malalamiko, nao wakabandikwa jina la Waremonstranti. Kifungu cha pili ndicho chetu: Kristo aliwafia wote na kila mmoja, ila msamaha hauonjwi na yeyote isipokuwa aaminiye. Mwaka 1611 wapinzani wao wakajibu kwa waraka wao. Huko mitaani watu wakaanza kukataa kusali nyuma ya mchungaji wa upande mwingine. Sisi tuliowahi kuona msikiti mmoja ukizaa misikiti miwili katika mtaa mmoja, hatuhitaji kuelezwa sana.

Lakini dini peke yake haikutosha kumwaga damu. Angalia siasa. Waholanzi walikuwa wamepigana na Hispania kwa miaka mingi, na mwaka 1609 wakatia saini mapatano ya kusimamisha vita kwa miaka 12. Aliyeyasimamia mapatano hayo alikuwa mwanasiasa mkongwe Johan van Oldenbarnevelt, huyo huyo aliyesimamia kuundwa kwa Kampuni ya Uholanzi ya Mashariki ya India mwaka 1602. Aliyeyachukia alikuwa Maurits wa Orange, mkuu wa majeshi. Oldenbarnevelt akawakinga Waremonstranti, akitaka serikali ya kila jimbo iwe na neno la mwisho katika mambo ya kanisa. Maurits, Julai 1617, akaonekana hadharani akisali katika kanisa la upande wa pili mjini The Hague. Kila mtu akaelewa. Mwezi uliofuata Oldenbarnevelt akapitisha azimio la kuruhusu miji kuajiri askari wake yenyewe, na hilo mbele ya mkuu wa majeshi lilikuwa kama kumchomolea kisu. Agosti 1618 mzee akakamatwa, pamoja na mwanasheria kijana mwenye akili ya ajabu, Hugo Grotius.

Miezi michache baadaye, tarehe 13 Novemba 1618, ikafunguliwa Sinodi ya Dordrecht, maarufu kwa jina la Dort. Mfalme James wa Uingereza alituma wajumbe. Walikuja Waswisi, watu wa Geneva, wa Bremen na wa majimbo mengine ya Kijerumani. Waprotestanti wa Ufaransa walikatazwa na mfalme wao kuhudhuria, na viti vyao vikaachwa wazi ukumbini. Waremonstranti waliitwa kama washitakiwa, hawakuitwa kama wajumbe. Kiongozi wao, Simon Episcopius, alibishana juu ya utaratibu wa kikao, na tarehe 14 Januari 1619 mwenyekiti Johannes Bogerman akawafukuza ukumbini kwa hasira. Kwa maoni yangu hapo ndipo Dort ilipojidhuru. Hukumu iliendelea kuandikwa kwa kusoma vitabu vya watu waliokwisha tolewa nje.

Je, iliamua nini? Wengi wanaosema "Dort ilisema Yesu hakuwafia wote" hawajaisoma. Sura yake ya pili inakiri kwamba kifo cha Kristo kina thamani isiyo na kikomo, kinachotosha kufuta dhambi za ulimwengu wote. Inaagiza pia kwamba habari ya wokovu itangaziwe watu wote bila kubagua. Kisha inasema kwamba kusudio la Mungu lilikuwa nguvu ya kifo hicho ifanye kazi ndani ya wateule wote, na wao peke yao, iwafikishe kwenye wokovu bila kukosea. Kinatosha kwa wote, kinafanya kazi kwa wateule. Ile orodha ya herufi tano inayofanana na jina la ua la Kiholanzi, ambayo vijana huitumia mitandaoni, ni kazi ya Waingereza na Wamarekani, wala haionekani kabla ya karne ya 20. Na Calvin mwenyewe alikuwa amefariki tangu 1564. Kama yeye angeiandika hivyo, wataalamu wao wanabishana mpaka leo.

Hata ndani ya ukumbi hawakuwa kitu kimoja. John Davenant wa Uingereza na Matthias Martinius wa Bremen walitaka maneno mapana zaidi. Waingereza walikuwa na sababu ya wazi: kifungu cha 31 cha itikadi ya kanisa lao kinataja dhambi za ulimwengu wote. Kile kipande cha "kinatosha kwa wote" kilisaidia kila mjumbe atie saini na bado arudi kwao na nafsi yake.

Wachungaji wa Kiremonstranti wapata 200 walivuliwa kazi. Wale waliokataa kutia saini ahadi ya kunyamaza, wapata 80, walisindikizwa mpakani. Kikao na wageni kikafungwa tarehe 9 Mei 1619.

Tarehe 13 Mei, siku nne baadaye, Johan van Oldenbarnevelt, mzee wa miaka 71, alikatwa kichwa hadharani mjini The Hague.

Hati ya hukumu haikutaja kafara wala wateule. Alihukumiwa kwa uhaini. Tuseme haki hapa pia: Sinodi haikumuua, waliomuua ni watawala. Lakini mtawala anapokuwa na adui na mashekhe wanapokuwa na ugomvi, mara nyingi huonana njiani wakagundua wanakwenda mahali pamoja.

Grotius yeye alipewa kifungo cha maisha katika ngome ya Loevestein. Kisa chake kitamu, nivumilie kidogo. Mkewe, Maria van Reigersberch, aliruhusiwa kukaa naye, na sanduku kubwa la vitabu lilikuwa likiingia na kutoka. Mwanzoni walinzi walilifungua kila mara. Baadaye wakachoka. Mwanamke akaliona hilo. Tarehe 22 Machi 1621 mumewe alijikunja ndani ya sanduku, likafungwa, walinzi wenyewe wakalibeba, na mtumishi wao wa kike, Elsje van Houwening, akalisindikiza hadi mji wa pili. Grotius akakimbilia Paris.

Kwa nini nakwambia haya? Kwa sababu akiwa ndani ya ngome ile Grotius alitunga shairi refu la kutetea Ukristo, alilokusudia limfae baharia wa Kiholanzi anayekwenda Mashariki na kukutana na Waislamu, Wayahudi na wapagani. Baadaye likawa kitabu kwa Kilatini, mwaka 1627, na sehemu yake ya sita yote ni dhidi ya dini yetu. Humo alitia kisa cha njiwa aliyefunzwa, ati, kumrukia Mtume, swallallahu alayhi wasallam, sikioni. Edward Pococke, Mwingereza aliyekaa Halab miaka kadhaa na kujua Kiarabu vizuri, alimuuliza Grotius: Mwislamu gani anasema hivyo? Grotius akakiri kwamba hakukitoa kwa Mwislamu yeyote, alikikuta kwa waandishi wa Kikristo. Pococke alipochapisha tafsiri ya Kiarabu mwaka 1660, kisa hicho hakimo. Alijua Mwarabu akikisoma atacheka na kukifunga kitabu. Mtu aliyeonewa na watu wa dini yake kwa itikadi yake, naye akatuandikia sisi tusichokiamini. Sasa rudi kwenye kile nilichosema mwanzo kuhusu vijana wetu na kauli ya "nyinyi Wakristo mnaamini".

Wakatoliki unaweza kuwauliza wako upande gani. Mwaka 1653 Papa Innocent X alilaani kauli tano zilizohusishwa na kitabu cha Askofu Jansen, na ya tano ilihusu jambo hili hili: ilikuwa inawaona wanaosema Kristo aliwafia watu wote kuwa wamepotoka. Kwa hiyo ukiwa na jirani Mkatoliki, kafara yenye mipaka si mzigo wake. Walutheri nao waliikataa. Uingereza, John Wesley alihubiri dhidi yake mwaka 1739 na kuvunjika na rafiki yake George Whitefield, na Wamethodisti wengi wakamfuata Wesley. Wabaptisti waligawanyika katika Wabaptisti wa jumla na Wabaptisti maalumu, majina yanayotokana na swali letu. Baadhi ya hao wa pili walifika mahali pa kuona haifai kumwalika mwenye dhambi aamini, maana huenda si mteule. Andrew Fuller wa Kettering, naye Mkalvini, aliandika kuwapinga mwaka 1785, na kutokana na kundi lake ndipo William Carey alipokwenda India mwaka 1793.

Lakini mtu ninayetaka umkumbuke ni mchungaji wa kijijini huko Uskoti, John McLeod Campbell wa Row. Waskoti walifuata Ungamo la Westminster tangu 1647, nalo liliwaweka wateule peke yao ndani ya ukombozi. Campbell alikuwa akiwatembelea waumini wake majumbani. Akagundua kwamba watu wema, wasali, wenye hofu ya Mungu, wanakufa bila utulivu. Ukimwambia mtu "Kristo alikufa kwa ajili ya wateule", swali lake la usiku halitakuwa juu ya Kristo. Litakuwa: je, mimi nimo? Naye hana pa kulijua hilo ila kujichungulia moyoni, na moyo ukichunguliwa sana hutoa uchafu. Campbell akaanza kuwaambia: amekufa kwa ajili ya kila mtu, kwa hiyo na wewe umo. Mei 1831 Baraza Kuu la Kanisa la Uskoti likamvua uchungaji. Baba yake, naye mchungaji, alisimama mbele ya Baraza hilo akasema hataona haya kamwe kuwa baba wa mwana kama huyo.

Mimi siamini msalaba wa Campbell wala wa Dort. Kwetu hakuna nafsi inayobeba mzigo wa nafsi nyingine, rejea Suratul An'aam, aya ya 164, kwa hiyo swali "alilipia nani" kwetu halina pa kukaa. Ila lile swali la usiku, "je, mimi nimo?", usinidanganye kuwa hulijui. Nasi tunaamini kadari. Nasi tulikuwa na Jabriyya waliosema mja hana hiari yoyote, na Qadariyya waliosema mja anajiamulia kila kitu, na wanazuoni wakasimama kati wakitufundisha khofu na matarajio viende pamoja. Ukimkuta jirani Mkristo ana wasiwasi huo, huyo hahitaji mhadhara siku hiyo.

Na Afrika Mashariki? Wamethodisti walifika Ribe, karibu na Mombasa, mwaka 1862. Waskoti walifika Kibwezi mwaka 1891 na kuhamia Kikuyu mwaka 1898; hao ndio chimbuko la Wapresbiteri wa Kenya. Warithi wa pande mbili za ugomvi wa Dort wakawa katika nchi moja. Ila Waskoti walipofika, kamba ilikuwa imelegea: makanisa yao makubwa mawili, mwaka 1879 na mwaka 1892, yalikuwa yamepitisha matamko ya kusema upendo wa Mungu ni kwa watu wote na kwamba Ungamo la zamani lisomwe kwa mwanga huo. Mwaka 1913 Waanglikana, Wamethodisti, Wapresbiteri na wengine walikutana Kikuyu kutafuta umoja. Askofu Frank Weston wa Zanzibar aliposikia alikasirika, akawashitaki maaskofu wenzake wa Mombasa na Uganda kwa uzushi, na mgogoro ukafika mpaka Canterbury. Malalamiko yake yalihusu uaskofu, na kushiriki meza ya Bwana pamoja na watu wasio na maaskofu. Alikufa kwa ajili ya nani, hakuuliza mtu.

Wallahu a'lam. Wabillahi tawfiq.